Mwenye Nyumba Asiye na Ardhi: Historia ya Neno la Umiliki katika Mtaa wa Pumwani, Kando ya Mto Nairobi

Utangulizi

Mwezi Machi 2025 Serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kufufua Mto Nairobi katika sehemu yenye urefu wa takriban kilomita 27, kuanzia Barabara ya Naivasha hadi Ruai. Bajeti iliyotangazwa ilikuwa takriban shilingi bilioni 50 za Kenya. Sehemu hiyo ya mto hupita pembezoni mwa kitovu cha jiji, kisha huteremka mashariki kuelekea Kamukunji, Gikomba, Shauri Moyo na Pumwani. Mitaa hii ni miongoni mwa makazi ya zamani zaidi ya Waafrika jijini, nayo ndiyo iliyokipa Kiswahili makao ya kudumu Nairobi wakati jiji lenyewe lilikuwa bado kambi ya reli.

Kitenzi kufufua kinastahili kuangaliwa kabla ya mambo mengine. Kwa kawaida hufufuliwa kilichokufa. Mto unaweza kusemwa kuwa umekufa pale maji yake yanaposhindwa kubeba samaki. Mtaa ulio kando yake haujafa. Soko la Gikomba huamka kabla ya alfajiri. Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, imepokea vizazi na vizazi vya wakazi wa jiji. Na katika vichochoro vya Majengo kodi za vyumba hulipwa na kupokelewa kila mwezi. Neno kufufua linapohamishwa kutoka mtoni hadi mtaani, hubeba dhana kwamba hapakuwa na uhai wala haki yoyote iliyotangulia.

Makala haya yanadai kwamba historia ya Pumwani ni historia ya haki moja ambayo Kiswahili kiliipa jina na ambayo lugha ya utawala haikuipa: haki ya kumiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Tangu miaka ya 1920, mtaa huu umepangwa upya mara kadhaa, na mara nyingi neno mwenye nyumba limepotea njiani kati ya lugha hizo mbili. Hoja hii inahusu msamiati, lakini matokeo yake hupimwa kwa vyumba, urithi na uzee wa watu.

Mto, reli na vijiji vya kwanza

Jina Nairobi limetokana na Kimaasai, katika usemi unaomaanisha maji baridi. Reli kutoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1899, na kambi ikajengwa kwenye uwanda tambarare wenye kinamasi, kusini mwa mto. Maji ya mto huo huungana na yale ya Mto Athi, kisha huteremka kama Galana na Sabaki hadi kumwagika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Lugha ilisafiri upande wa pili. Ilipanda kutoka pwani pamoja na wapagazi, askari, mafundi, wapishi, wafanyabiashara na wanawake waliofuata reli au waliotangulia kuipokea.

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini watu hao walijijengea vijiji. Majina yake ni ushahidi wa kutosha kuhusu lugha iliyotumika: Pangani, Mombasa, Maskini na Kaburini. Mawili yanafanana na majina ya miji ya pwani. Moja linaitaja hali ya wakazi wake. Jingine limejengwa kwa kiambishi cha mahali -ni, kama ilivyo desturi ya Kiswahili kote. Watu wasio na nia ya kukaa hawataji mahali kwa namna hii. Hata hivyo, fikra rasmi ya wakati huo ilimwona Mwafrika wa mjini kama mpita njia aliyekuja kufanya kazi na ambaye angerudi kwao mkataba ukiisha.

Afya ya umma ndiyo iliyokuwa hoja kuu ya kuwahamisha watu. Mwaka 1902, baada ya tauni kuzuka, soko la Wahindi lilichomwa moto. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya W. J. Simpson alifanya uchunguzi wa hali ya usafi, na mapendekezo yake yaliimarisha wazo la kuugawa mji kwa rangi za watu. Wazungu walipewa miinuko ya magharibi, ambako maji hutoka. Waafrika walielekezwa mashariki, kwenye uwanda wa udongo mweusi, ambako maji hufika yakiwa yamekwisha kupita kwa wengine. Mto ukawa kipimo cha daraja la mtu kabla ya kuwa suala la mazingira.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 eneo maalumu la Waafrika lilifunguliwa karibu na mto. Wakazi waliliita Pumwani, jina ambalo kwa kawaida huhusishwa na kitenzi kupumua au kupumzika. Vijiji vya zamani vilianza kuvunjwa na watu wake kuelekezwa huko. Pangani ndiyo iliyosalia kwa muda mrefu zaidi, hadi ilipobomolewa mwaka 1938 na 1939.

Asili ya neno

Utaratibu wa Pumwani ulikuwa rahisi kuueleza. Manispaa iligawa viwanja. Mkazi akajenga nyumba kwa fito, udongo na mabati kwa gharama yake. Kila mwaka akalipia kiwanja. Ardhi ikabaki ya manispaa. Nyumba hizo zilifuata ramani iliyozoeleka pwani: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, na ua nyuma. Mwenyewe alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Nyumba moja ilikuwa makazi, chanzo cha mapato na akiba ya uzeeni.

Utaratibu huu haukuwa mgeni kwa watu waliotoka pwani. Mombasa inao mtaa wake uitwao Majengo, na huko mtu kumiliki nyumba juu ya ardhi ya mwingine, huku akilipa kodi ya kiwanja, ni jambo la kawaida hadi leo. Katika desturi za pwani, zilizoathiriwa na sheria ya Kiislamu, mnazi unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi uliposimama ikawa ya mwingine. Vivyo hivyo nyumba. Kinachomilikiwa ni kile kilichojengwa au kilichopandwa, na ardhi ni suala tofauti lenye mwenyewe tofauti. Jina Majengo lenyewe linabeba fikra hiyo: linataja kilichojengwa na kuinyamazia ardhi.

Sheria ya Kiingereza ilianzia upande mwingine. Kwa msingi wake, kilichoshikamana na ardhi ni sehemu ya ardhi, na mwenye ardhi ndiye mwenye nyumba iliyo juu yake. Neno la Kiingereza linalotumiwa kumtaja mtu anayepangisha vyumba limeundwa kutokana na neno ardhi; kwa asili yake humtaja bwana wa ardhi. Kiswahili humwita mtu huyohuyo mwenye nyumba. Katika mazungumzo ya kila siku maneno hayo mawili hutafsiriana bila tatizo. Katika faili la manispaa hayatafsiriani kabisa, kwa sababu mwenye nyumba wa Pumwani hakuwa bwana wa ardhi yoyote. Ofisi ilimwona kama mtu aliyeruhusiwa kuwa pale kwa muda. Majirani zake walimwona kama mwenye mali, na walimshuhudia akiinunua, akiiuza na kuiusia.

Wanawake wenye nyumba

Haki hii iliwahusu wanawake kwa namna ya pekee. Tafiti za Janet Bujra katika miaka ya 1970 na za Luise White zilizochapishwa mwaka 1990 zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya nyumba za Waafrika katika Nairobi ya mwanzo ilijengwa au kununuliwa na wanawake kwa mapato yao wenyewe. Wengi walikuwa wamekimbia ndoa, njaa au upweke mashambani. Baadhi walipata fedha kwa kupika pombe, baadhi kwa biashara ndogondogo, na wengi kwa umalaya.

White aliyakusanya maneno ambayo wanawake wenyewe waliyatumia kutofautisha aina za kazi hiyo. Malaya alikaa chumbani mwake na kumpokea mgeni kwa staha, pamoja na chakula, chai na maji ya kuoga. Watembezi walitafuta wateja barabarani. Wazi-wazi walikaa mlangoni na kutaja bei bila kificho. Maneno hayo yanaonyesha jamii iliyokuwa na vipimo vyake vya heshima, na katika vipimo hivyo nyumba ilikuwa kilele. Mwanamke aliyejenga aliacha kuitwa kwa kazi yake, akaitwa mwenye nyumba. Wengi walisilimu, wakapata udugu mpya na warithi waliowachagua wenyewe: mtoto wa kulea, ndugu wa dini, rafiki aliyewauguza. Katika maeneo ya asili ya wengi wao, mwanamke hakuweza kurithi ardhi. Pumwani aliweza kuacha nyumba.

Kwa hiyo, kila uamuzi kuhusu nyumba za Pumwani ulikuwa pia uamuzi kuhusu mali ya wanawake. Suala hili halikuandikwa kwa jina hilo katika mipango ya manispaa, kwa kuwa mali yenyewe haikuwa na jina humo.

Kuhamishwa, kujengewa, kutafsiriwa

Mfano wa kwanza ni kuvunjwa kwa Pangani. Manispaa ilijenga nyumba mpya ng'ambo ya mto, katika mtaa ulioitwa Shauri Moyo. Nyumba hizo zilikuwa imara kuliko zile za udongo. Lakini zilikuwa nyumba za manispaa. Mtu aliyelala Pangani akiwa mwenye nyumba aliamka Shauri Moyo akiwa mkazi katika nyumba ya mwingine. Jina la mtaa mpya linasomeka kama jibu: shauri ni la moyo wako, ukitaka nenda, usipotaka baki. Ni vigumu kuthibitisha nani alilitamka kwanza, ila ni wazi kwamba waliohamishwa hawakuliona jambo hilo kama zawadi.

Mfano wa pili ulikuja baada ya uhuru. Sehemu za Pumwani zilijengwa upya kuanzia miaka ya 1960, na mitaa kama California ikazaliwa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 ukaanza mradi wa maghorofa uliokusudiwa kuchukua nafasi ya nyumba za udongo za Majengo. Nia ilikuwa kumpa mwenye nyumba makazi ya kudumu. Mgogoro ulizuka kuhusu bei na masharti ya malipo, nao ulidumu kwa miaka mingi. Chini ya mgogoro huo wa fedha palikuwa na mgogoro wa maana. Kwa mpangaji wa mradi, familia moja ilikuwa ikitoka katika makazi mabovu na kuingia katika makazi bora, na kwa hiyo ilipaswa kulipia tofauti. Kwa mwenye nyumba, mtu alikuwa akinyang'anywa nyumba nzima ya vyumba vingi vyenye kodi, kisha akiuziwa fleti kwa mkopo. Pande zote mbili zilizungumzia nyumba. Neno halikuwa moja.

Wapangaji, ambao ndio wengi, walipotea mara mbili. Walipotea katika lugha ya mradi kwa kuwa hawakumiliki chochote. Walipotea pia katika lugha ya mtaa, kwa sababu madai yote yalibebwa na neno mwenye nyumba. Msamiati wa Pumwani ulihifadhi haki moja vizuri na kuifunika nyingine, na mtafiti hapaswi kuutetea bila kulisema hilo.

Majina yanayobaki

Jambo moja hujitokeza kila mara mtaa wa mtoni unapobadilishwa: majina hudumu kuliko watu. Pangani bado ni jina la eneo la Nairobi, ingawa kijiji kilichobeba jina hilo kilitoweka zaidi ya miaka 80 iliyopita. Kariokor inahifadhi kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, kama inavyofanya Kariakoo ya Dar es Salaam. Soko la Burma linakumbusha askari waliopigana huko katika Vita Kuu ya Pili. Barabara ya Grogan, iliyo karibu na mto, ilibadilishwa jina kuwa Kirinyaga, lakini mafundi wa magari bado husema wanafanya kazi Grogon. Uwanja wa Kamukunji, ulioitishiwa mkutano wa Saba Saba tarehe 7 Julai 1990, umelipa taifa nomino ya kawaida: wabunge wa Kenya huitisha kamukunji wanapotaka kujadiliana nje ya kikao rasmi.

Mfano mzito zaidi uko juu kidogo ya mto. Sehemu ya kwanza ya ukingo kupandwa miti na kugeuzwa bustani ya umma, kutokana na juhudi zilizoongozwa na waziri wa mazingira John Michuki mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, iko kando ya Barabara ya Kipande. Kipande ndicho cheti ambacho wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kukivaa shingoni, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Anayepumzika leo chini ya miti hiyo yuko hatua chache kutoka kwenye neno hilo. Bustani imefanikiwa kwa kuwa mahali pale palikuwa na takataka, na si wenye nyumba. Mafanikio yake hayawezi kuhamishiwa Pumwani kama yalivyo.

Lugha ya ufufuaji wa sasa

Hakuna hoja ya kitaaluma inayoweza kukanusha kwamba Mto Nairobi unahitaji kusafishwa, wala kwamba kuishi ukingoni ni hatari. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua watu na kusomba makazi. Baada yake Serikali iliamuru watu waondoke ndani ya mita 30 kutoka mtoni, na maelfu walibomolewa katika mitaa kama Mathare na Mukuru. Kila familia iliyoathiriwa iliahidiwa shilingi 10,000.

Swali ni jinsi ukingo unavyofafanuliwa. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka ukanda wa hifadhi kati ya mita 6 na mita 30, kwa kuzingatia kina cha juu cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna mita 24, na ndani ya mita hizo kuna mitaa mizima. Anayeishi hapo anaweza kuwa mkazi halali kwa kipimo kimoja na mvamizi kwa kingine. Nomino mvamizi, ambayo taarifa za habari huitumia kwa wepesi, ina historia mbaya hasa katika mitaa ambayo watu wake walipelekwa huko na manispaa yenyewe.

Aidha, fidia ya aina moja kwa kila familia inafuta tofauti zote zilizojadiliwa hapa. Mwenye nyumba ya vyumba vinane, mpangaji wa chumba kimoja na mwenye kibanda cha mitumba hupewa jina moja, yaani waathiriwa. Jina hilo lina huruma, lakini halina haki ndani yake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatoa njia. Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 10 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, na Ibara ya 43 inatambua haki ya makazi yanayofaa. Zikisomwa pamoja, ibara hizi zinaunga mkono dai jepesi kutekelezwa: ramani, ilani, fomu za usajili na mikataba ya mpango wa mto ziandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, na mkutano wa wananchi ujadili maandishi hayohayo badala ya muhtasari wake. Tafsiri inayofanywa baada ya uamuzi hufikisha habari tu. Maandishi yanayotungwa kabla ya uamuzi hulazimisha swali la nani ana nini kuulizwa kwa maneno ya wanaohusika.

Hitimisho

Pendekezo la makala haya kwa washauri wa sera ni moja. Kabla ya ukuta wowote kuangushwa Pumwani na katika mitaa jirani, usajili wa wakazi utofautishe angalau makundi manne: mwenye nyumba na ardhi, mwenye nyumba bila ardhi, mpangaji, na mwenye kibanda cha biashara. Kundi la pili ndilo lililokosekana katika karatasi za miaka ya 1930 na lililozua mgogoro baadaye. Likiandikwa, linaweza kuthaminiwa, kurithishwa na kulipwa. Na mpangaji akiandikwa kwa jina lake, hatategemea tena kauli ya mwenye nyumba.

Kwa watafiti wa lugha kuna kazi ambayo haihitaji kusubiri serikali. Msamiati wa umiliki wa mijini, kutoka Majengo ya Mombasa hadi Buyenzi ya Bujumbura, ambako mtaa wa Waswahili uko kando ya Mto Ntahangwa, haujakusanywa pamoja. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina nafasi nzuri ya kuuratibu mradi huo kabla ya wazee wanaoyajua maneno hayo kwa matumizi kuondoka.

Mto Nairobi ukisafishwa, maji yake yatafika Sabaki yakiwa safi zaidi, na hilo litakuwa jema kwa kila mtu, tangu Ondiri hadi baharini. Kitakachoamua iwapo Pumwani itakuwa imehuishwa au imehamishwa kwa mara nyingine ni kama yule aliyejenga ukumbi, vyumba na ua atakuwemo katika sajili kwa jina ambalo majirani zake wamemwita kwa miaka mia moja.